Omotembe wa Mpakani

Mimi hushuku kwanza, halafu ndipo husalimia. Sijisifu, ni kazi iliyonifanya hivyo. Nauza dawa mjini Kisii, na mtu akinipa karatasi ya daktari naitazama mbele na nyuma, namuuliza nani kaiandika na mgonjwa mwenyewe yuko wapi. Nimeshaletewa karatasi iliyoandikwa na mwanafunzi wa sekondari kwa kalamu za rangi mbili. Nimeshaonyeshwa vidonge vya malaria ambavyo ndani yake hamkuwa na kitu ila unga. Mama alikuwa akinitania kwamba siku nitakayofika mbinguni nitamwomba malaika kitambulisho. Nilikuwa nacheka, lakini moyoni najiuliza, kwani kuna ubaya gani kumwomba?

Nyumbani kwetu ni kwenye mlima ulio juu ya Nyamache. Mlima kwetu ni kijiji, chai upande huu na migomba upande ule. Baba alifariki zamani. Mama alibaki pale na ndugu yangu mdogo, ambaye ana mke na watoto na anaendesha bodaboda. Mimi nilikuwa nafika kila Ijumaa kabla jua halijatua, ili Sabato inikute nyumbani, na Jumatatu alfajiri narudi kazini.

Mpakani, kati ya shamba letu na la jirani, umesimama mti tunaouita omotembe. Baba aliuchomeka ukiwa kigingi cha ua, naye akisema ni mti mkavu, lakini omotembe haukubali kuwa kigingi. Ulichipua. Sasa ni mti wenye gome nene lenye nyufa na miiba mifupi, majani yake yanatoka matatu matatu, na mbegu zake ni zile nyekundu zenye doa jeusi tulizopeleka shuleni kujifunzia kuhesabu. Nilipokuwa mdogo mashavu yangu yalivimba kwa matubwitubwi, mama akanitwika kichwani mzigo mdogo wa kuni, akaniambia niuzunguke mti ule, niutupe mzigo shinani, kisha nikimbie nyumbani bila kugeuka nyuma. Nilikimbia mpaka nikapoteza kiatu. Siku chache baadaye uvimbe ukaisha. Nilipokwenda chuoni nikafundishwa kwamba ugonjwa ule huondoka wenyewe, nikamrudia mama na elimu yangu mkononi.

"Nani kakwambia hauondoki wenyewe?" akasema. "Mimi niliuonyesha pa kwenda."

Basi ilikuwa Januari, jua kali, nilipoona mti ule umebanduliwa. Nilikuwa nimekwenda kuchuma mboga. Upande wa mawio ya jua palikuwa na majeraha mawili, kila moja kubwa kama kiganja, na nilipozunguka upande wa machweo nikakuta mengine mawili. Yote yalikuwa yamesilibwa kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, kikapapaswa vizuri kwa vidole. Alama za vidole zilionekana. Chini, majani yalikuwa yamejaa manjano, na matawi juu yalikuwa karibu matupu.

Nilisimama pale na mboga zangu, nikahisi baridi juani. Mti unakufa, nilijiambia, na kuna mtu anauua. Tena hauui kama mwizi wa kuni, kwa panga na haraka. Anauua kwa utaratibu, mawio na machweo, na akimaliza anaupaka kitu. Niliokota kijiti nikakwangua ule upako wote mpaka mti ukabaki na vidonda vyeupe vilivyo wazi. Nilijiona nimeuokoa.

Jirani wa upande wa pili ni mwanamke mzee anayeishi peke yake. Mlima mzima humwita magokoro, yaani nyanya, hata wale wasio wajukuu wake. Ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara na mama hakuweza kufika hospitali. Alikuwa anajua miti. Watu walikwenda kwake kwa maumivu ya mgongo na kwa watoto wasiolala, kisha Sabato wanakaa naye benchi moja kanisani kana kwamba hawajui njia ya kwake. Mimi nilimpenda, lakini nilimpenda kama unavyompenda mtu usiyeiamini kazi yake.

Jambo la pili nililoliona ni mama. Alikuwa amepungua. Alivaa sweta mchana wa Januari, na nilipotaka kumkumbatia alinipa bega moja tu, la kulia. Nilimwambia twende apimwe sukari. Akasema sukari iko kwenye kabati. Nilimuuliza kama anakula. Akasema, "Wewe umekuja kunitembelea au kunikagua?"

Nikaanza kuyaunganisha. Mti umebanduliwa mpakani, karibu na dirisha la mama. Mama anakwisha. Jirani anajua miti. Mimi niliyesoma, ninayewacheka wateja wanaoniuliza dawa ya kijicho, nililala kitandani kwangu nikiyapanga mambo hayo matatu kama vidonge kwenye pakiti. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na niliona methali hiyo imepata mwenyewe. Naandika haya kwa aibu. Lakini yalikuwa hivyo.

Jumatatu ile nilitoka kungali na ukungu. Kwenye kijia kinachopita kando ya mti nikakutana na magokoro ana kwa ana. Alikuwa amejifunga leso kifuani na mkono mmoja umeingia ndani ya leso, umeshika kitu. Vidole vya mkono wa pili vilikuwa na kinyesi na majivu.

"Bwakire, magokoro," nilisema. Kumekucha, nyanya.

Hakujibu. Alinitazama, midomo ameibana, akanipisha kwa adabu yote na kuendelea kushuka. Nikamsalimia tena kwa sauti zaidi. Aliongeza mwendo.

Msomaji wa mbali anaweza kusema, ni mzee, labda hakusikia. Kwetu salamu si mchezo. Hata mliogombania mpaka wa shamba mahakamani mtasalimiana asubuhi, halafu mwendelee na kesi yenu. Anayekutana nawe alfajiri, mkono umefichwa, halafu akaacha salamu yako ianguke chini, huyo watu wana jina lake. Mimi sikulitaja jina hilo. Ndugu yangu alipokuwa akinipeleka kwa pikipiki yake hadi barabara kuu, nilimwambia tu nilichokiona.

"Magokoro? Hakukujibu?"

"Mara mbili."

"Alikuwa anatoka wapi?"

"Kwenye omotembe wetu. Ana kitu ndani ya leso."

 Aliponishusha hakuzima pikipiki. Akasema, "Na mama anakonda."

"Mimi sijasema hivyo," nilimjibu. Nilikuwa sijasema. Nilikuwa nimengoja aseme yeye.

Ijumaa niliporudi, vijana wa bodaboda pale stendi walinizunguka. Mmoja, ambaye nimewahi kumpa dawa ya mtoto wake, aliniuliza kwa heshima kubwa, "Madam, ni ukweli ile mambo? Huyo mama alikataa salamu yako saa kumi na mbili asubuhi?"

"Ni kweli," nikasema. Na ilikuwa kweli! Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo, kwamba sikuhitaji kusema uongo hata kidogo. Mwingine akatikisa kichwa, akasema lisemwalo lipo. Niliwaacha wakilizungumza, nikajiambia nina haraka ya Sabato.

Jumamosi baada ya kanisa nilimwambia mama kwamba magokoro anauharibu mti wa baba. Alikuwa anachambua maharage. Mikono yake ilisimama.

"Mwache magokoro."

"Kwa nini?"

"Mwache tu, moiseke." Moiseke ni msichana. Mimi nina miaka arobaini na moja, lakini mama akitaka mazungumzo yaishe huniita hivyo.

Nikaona anaogopa. Kweli alikuwa anaogopa, hapo sikukosea. Nilikosea alichokuwa anakiogopa.

Jumapili alasiri walikuja. Hawakuwa wengi, saba au wanane, na pikipiki zao waliziacha kwa mpangilio kando ya ua kama watu waliokuja harusini. Ndugu yangu alikuwa nyuma yao. Walisimama kwenye lango la magokoro, wakamwita atoke awaonyeshe vyungu vyake. Mmoja wao alikuwa na jerikani la njano. Sijawahi kuuliza ndani yake mlikuwa na nini, na ndugu yangu hajawahi kuniambia.

Magokoro alitoka akakaa kwenye kigoda chake mlangoni. Walimuuliza alikuwa akibandua nini alfajiri, na kwa ajili ya nani. Akanyamaza. Walimuuliza kwa nini hakumjibu binti wa jirani. Alinitafuta kwa macho kule nilikosimama upande wetu wa ua, akanipata, akanyamaza bado. Angesema neno moja tu angepona, sasa nalijua hilo neno.  Nilitaka kusema basi, inatosha, turudi nyumbani, lakini mdomo wangu, ambao siku zote una swali la kumuuliza kila mtu, haukupata la kusema.

Mama alinipita. Alikuwa ametoka jikoni na sufuria ndogo nyeusi, ameishika kwa kitambaa, inatoa mvuke. Alipenya kwenye ua kupitia pengo lililo karibu na mti, akasimama mbele ya vijana wale, wengi wao rika la mwanawe, aliowafundisha nyimbo za watoto kanisani.

"Mnatafuta chungu," alisema. "Ndicho hiki. Kimetoka jikoni kwangu."

Hakuna aliyesogea.

"Magome ni yangu. Huyu ananibandulia. Mgonjwa habandui mti wake mwenyewe, na anayembandulia hasemi na mtu njiani mpaka dawa ifike mkononi mwa mwenyewe. Akijibu hata salamu, dawa imebaki njiani. Hamkufundishwa? Kawaulizeni nyanya zenu." Alikunywa pale pale, ikiwa moto, uso ukakunjamana kwa uchungu. Kisha akaweka mkono wa kulia juu ya sweta, upande wa kushoto. "Nina uvimbe hapa. Kwenye titi."

Ili uelewe alichotoa mama saa ile, lazima ujue kwamba kwetu kuna haya iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto kama ua wa miiba. Tunaiita chinsoni. Mama hataji mwili wake mbele ya mwanawe, wala mbele ya yeyote wa rika la mwanawe. Ndugu yangu hajawahi kuingia chumba anacholala mama tangu atahiriwe. Sasa neno lile lilikuwa limesemwa hadharani, mchana. Vijana walitazama chini. Yule wa jerikani aliliweka nyuma ya mguu wake. Ndugu yangu aligeuka, akachuchumaa kando ya ua na kujifunika uso kwa koti lake, na sikumsikia akilia lakini niliona mgongo wake.

Waliondoka bila kuwasha pikipiki. Walizisukuma mpaka barabarani.

Nilimwingiza mama ndani, nikanawa mikono, nikamgusa. Uvimbe ulikuwa sawa na kokwa ya parachichi, mgumu, hautembei. Nimeuza dawa kwa watu wengi wenye habari kama hiyo, nimewapa pole kwa sauti niliyoizoea. Siku ile sauti hiyo ilinipotea.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mahindi. Si haya. Yale ya kabla yake."

"Na kila Ijumaa niko hapa! Kwa nini hukuniambia?"

Alifunga vifungo vya sweta polepole, akimaliza kimoja ndipo aanze kingine. "Wewe? Ungeniomba karatasi." Halafu akaona nimeumia, akalainisha. "Mtu akikuletea kidonda, wewe kwanza unataka kujua amekosea wapi. Magokoro aliuliza kama kinauma."

Nilimwambia kesho tunakwenda hospitali.

Tulibishana siku mbili. Mama alikubali hospitali kwa sharti moja, kwamba magome yaendelee. Nilimwambia daktari kila kitu, kwa uso ulionishuka. Daktari alisema asinywe tena, kwa kuwa hatujui itakavyogombana na dawa zake. Mama akasema basi atajikandia tu, kwa nje, mahali ngozi ilipo nzima. Daktari alinitazama mimi, akasema kwa kukanda yeye hana ugomvi. Walimfanyia upasuaji kabla ya Pasaka. Mkono wa kushoto ulianza kuvimba baadaye, na ndio huo anaoukanda. Kama gome lile linafanya kazi, mimi sijui. Nikisema halifanyi nitakuwa nasema nisilolipima, na nikisema linafanya ni vivyo hivyo.

Lakini nani atabandua? Nilikwenda kwa magokoro na kilo mbili za sukari na maneno niliyoyapanga njia nzima. Yote yaliniishia mlangoni. Nikasema tu nimekosa. Alipokea sukari, akasema sukari haina kosa. Kuhusu mti alikataa. "Mkono uliotajwa vibaya haubandui dawa," alisema. "Ulitajwa na wewe. Sasa utabandua wewe."

"Mimi siamini mambo haya, magokoro."

"Mti haukuulizi."

Alinifundisha. Uende na njaa. Ufike kabla jua halijagusa shina. Kipande kimoja mawio, kimoja machweo, si zaidi ya kiganja, na kamwe usiuzunguke mti wote, kwa maana mti uliovuliwa mkanda mzima hufa. Kisha ufunge jeraha kwa kinyesi na majivu, ili wadudu wasiingie. Kumbe ule upako ulikuwa bandeji. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeukwangua, na kwamba labda nimeua mti, kwa kuwa majani yote yalianguka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile alicheka, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ilikuwa Januari! Omotembe hupukutisha majani kila Januari. Umekaa mjini mpaka umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Miaka yote ya utoto wangu mti ule ulivua majani mbele ya macho yangu, ukatoa maua mekundu kwenye matawi matupu, kisha ukavaa tena, nami nikaja kuukuta mtupu nikaita polisi moyoni mwangu. Palepale nilipokwangua pana makovu mabaya zaidi kuliko mengine, meusi, yamechelewa kufunga. Mti wenyewe uko hai.

Asubuhi yangu ya kwanza ilikuwa Jumapili, ukungu mzito. Kisu kilinishinda mara mbili, mwiba ukanichoma kidole, na nilijihisi mpumbavu kamili, mwanamke mwenye cheti ukutani anayepaka mti kinyesi. Nilitia magome ndani ya leso, nikashika njia. Kutoka mtini mpaka mlango wa mama ni hatua chache ukipenya pengo la ua, lakini magokoro alisema dawa hupita langoni, haipenyi uani kama kuku. Kwa hiyo nilizunguka kwa kijia.

Mwanamke mmoja wa mlima wa pili alikuwa anapanda na kikapu cha kuchumia chai mgongoni. Simjui vizuri. Aliniona, akatabasamu.

"Bwakire," alisema.

Niliibana midomo. Mkono wangu ulikuwa ndani ya leso, vidole vya ule wa pili vina kinyesi na majivu. Nilimpisha kwa adabu.

"Bwakire!" akarudia, kwa sauti zaidi.

Nilipita. Nyuma yangu nikasikia hatua zake zimesimama. Sikugeuka, lakini nilijua anatazama nini na anayaunganisha vipi, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kusimama pale pale aliposimama.  Nilitaka kurudi nimweleze kila kitu, nimwonyeshe magome, nimtajie hospitali na jina la daktari.

Ndipo sauti ya magokoro ikatoka upande wake wa ua, ndani ya ukungu, wala sikumwona.

"Bwakire buya, mwanangu. Nakujibu mimi kwa niaba yake. Huyo ana dawa ya mamaye mkononi, mwache apite."

Yule mwanamke akasema ahaa, na hatua zake zikaanza tena kupanda. Nilifika kwa mama, nikamwekea magome kiganjani, nikaruhusiwa kusema. Sikusema. Nilikuwa namfikiria magokoro asubuhi yake ya ukungu, aliponipisha njiani bila kujibu, wala hapakuwa na wa kumsemea ila mimi niliyemsalimia.